Mbegu ya muhogo haichoki, inaugua

Mwaka 2009 nilipewa pingili 120 za Kiroba, aina moja ya muhogo, zimefungwa kwa kamba ya katani, nikazipanda nyuma ya nyumba yangu hapa Muheza, chini ya milima ya Amani. Muhogo ninaopika leo ni ule ule. Sisemi ni mjukuu wake. Mahindi yana watoto, kwa sababu chavua hukutana na ua la kike, na punje inayozaliwa haifanani sawasawa na mama yake. Pingili haizaliwi. Ni kipande cha mwili wa mmea. Ukikichomeka ardhini kinatoa mizizi na kuendelea na maisha pale pale ulipokikata. Kiroba changu kimekatwa na kupandwa upya mara kumi na tano, na bado ni mmea mmoja uliotawanyika shamba zima.

Naandika haya kwa sababu ya mtoto wa kaka yangu. Alikuja mwezi wa kwanza akitokea Handeni na pikipiki yake, hata maji hajanywa, akaniambia: "Shikamoo shangazi. Nimekuja kuomba mbegu, ile uliyonipa imechoka." Mbegu hiyo nilimpa miaka minne nyuma, nikiikata shamba hili hili. Sasa ya kwake imechoka na ya kwangu inazaa, nayo ni mmea mmoja? Nikamwuliza huwa anachaguaje miti ya kupanda. Akaniambia anang'oa kwanza mihogo mikubwa kwa ajili ya soko, kisha ile miti inayobaki pembeni mwa shamba, isiyo na kitu chini, ndiyo anayokuja kuikata mvua zikianza. Yaani kila mwaka alikuwa akiuza wazima na kupanda wagonjwa. Nikamkalisha siku mbili. Niliyomwonyesha ndiyo haya.

Kinachoitwa kuchoka

Mti hauzeeki kwa kukatwa. Lakini kila kirusi kinachoingia ndani ya mti kinakaa humo, na ukiukata mti ule vipande kumi, aghalabu umeugawa na ugonjwa vipande kumi. Tuseme una mihogo mia, kumi kati yake ni migonjwa. Ukikata mbegu bila kuchagua, mwakani katika kila mia, kama kumi hivi itaota ikiwa imeshaumwa, halafu inzi weupe watachukua ugonjwa kwenye hiyo kumi na kuupeleka kwenye mingine. Mwaka wa tatu unaanza na wagonjwa wa mwaka wa pili wote, pamoja na walioongezwa na inzi. Ikifika miaka minne mitano, mzizi umekuwa mwembamba kama kidole na mkulima anasema mbegu imechoka.

Huku kwetu maradhi yanayosafiri hivyo ni mawili makubwa, batobato na michirizi kahawia. Hayo lazima uyajue kwa sura, kila moja na sura yake, vinginevyo kazi yote inayofuata ni bure.

Batobato inashika jani changa. Jani linakuwa na mabaka ya manjano na kijani yasiyolingana, upande mmoja wa kidole cha jani umepinda na mwingine umenyooka, na majani ya juu yanadumaa na kujikunja. Ukishaiona mara mbili tatu unaitambua hata ukiwa umesimama barabarani. Wengine wanaichanganya na utitiri wa kijani. Utitiri nao unashambulia kilele, lakini unaacha vidoa vidogo vidogo kama vya sindano, na mvua zikikolea majani mapya yanatoka masafi. Batobato hata mvua zikinyesha iko pale pale.

Michirizi kahawia ndiyo adui wa siri. Jani lake halijikunji wala halipungui ukubwa. Unaona umanjano unaofuata vimishipa vidogo, na unauona kwenye majani ya chini, yaliyokomaa, yale ambayo mtu hayatazami kwa sababu anadhani yanazeeka tu. Kwenye shina la kijani kunakuwa na mistari ya kahawia. Juu mti umestawi na umependeza. Unaung'oa kwa furaha, unaukata mzizi, ndani unakuta mabaka makavu ya kahawia, magumu kama gome. Hiyo huwezi kupika, huwezi kuanika makopa, na ng'ombe ukimpa anaiacha. Kwa mwenye shamba hakuna ugonjwa unaouma kama huo, maana unakupa matumaini miezi kumi na miwili kisha unakunyang'anya siku moja.

Sisi watu wa Muheza tuna sababu ya kuyajua haya kuliko wengine. Batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Mjerumani Warburg, kutokana na mihogo ya upande huu wa pwani yetu. Michirizi kahawia ilielezwa na mtafiti Storey mwaka 1936 katika kituo cha utafiti cha Amani, hapo juu ninapopaona nikiwa jikoni. Kituo hicho ndicho kilichochanganya muhogo na ule mpira ambao Wajerumani waliuleta kwa ajili ya mashamba ya mpira, ule ambao leo tunauacha uani na kuchuma kisamvu chake. Mpira na muhogo ni ndugu wa ukoo mmoja, na mpira una ukinzani. Katika kizazi cha mchanganyiko ule ndimo ulimotoka muhogo unaoitwa Namikonga huku kwetu na Kaleso kwa wenzetu wa Kenya. Ni mmea mmoja wenye majina mawili. Umepita mikononi mwa wakulima kwa pingili tangu enzi hizo, na watafiti bado wanautumia kuzalisha aina mpya zinazostahimili michirizi. Kama kukatwa kungekuwa kunachosha, ungekuwa umeshakwisha zamani.

Kitalu chako cha mbegu

Jambo la kwanza nililomwambia kijana: acha kuchukua mbegu kwenye shamba la chakula. Tenga kitalu. Changu ni hatua ishirini kwa thelathini, na hakiko karibu na mihogo mingine. Kati yake na shamba la jirani kuna mahindi na mbaazi, na umbali ni zaidi ya hatua mia moja. Inzi mweupe anayebeba michirizi hakai na ugonjwa huo muda mrefu mwilini. Akichelewa njiani kwenye mimea mingine, ugonjwa unamtoka. Wa batobato anaubeba siku nyingi zaidi, kwa hiyo umbali peke yake hautoshi, ila unasaidia.

Mahali palipolimwa muhogo mwaka jana sipatumii. Vipande vya mizizi vilivyosalia ardhini vinachipua vyenyewe, na maotea hayo huwa ndiyo ghala la ugonjwa: yameota kabla ya mbegu yako, yana majani mabichi kabla ya mbegu yako, na inzi wanaanzia hapo. Kirusi hakikai kwenye udongo. Kinakaa kwenye kitu kilicho hai. Ukimaliza maotea, umeimaliza njia hiyo.

Tena kitalu kinataka samadi. Watu wanatupa mbegu kwenye ardhi iliyochoka wakisema muhogo hauna makuu, na kweli muhogo wa kula unavumilia. Lakini mti uliolala njaa unatoa pingili dhaifu, zenye akiba ndogo, nazo zikikutana na ukame wiki ya pili zinakauka kabla hazijatoa mizizi ya kutosha. Mimi naweka samadi ya mbuzi iliyooza, koleo moja kila shimo. Nafasi ni mita moja mstari kwa mstari na nusu mita mti kwa mti, kwa kuwa hapa natafuta mashina, sitafuti mizizi minene. Shamba la chakula ni mita moja kwa moja, ambayo kwa ekari inakuja mihogo 4,000 hivi.

Kisamvu sichumi kwenye kitalu. Wanawake wenzangu hunilaumu, maana kile ndicho kizuri kuliko vyote. Lakini kilele ndicho kinachonionyesha batobato. Nikikichuma nimefumba macho yangu mwenyewe.

Kutembea shambani

Hapa ndipo mbegu inapookolewa au kupotea, nami nitakaa hapa kidogo.

Natembea kitaluni asubuhi, kabla ya saa mbili, jua likiwa mgongoni na kivuli changu kikiangukia jani. Jua kali linakudanganya, manjano yote yanang'aa. Saa hizo pia inzi weupe bado wana baridi, hawaruki. Unalipindua taratibu jani la tatu au la nne kutoka juu unawaona wamejipanga chini yake kama unga uliomwagika. Wakiwa wengi najua wiki zijazo niongeze kutembea.

Matembezi ya kwanza ni mwezi mmoja baada ya kuchipua. Haya ndiyo ya maana kuliko yote, na nitaeleza kwa nini. Mti ulioota mgonjwa unaonyesha batobato tangu majani ya kwanza kabisa, yale ya chini. Mti ulioota mzima kisha ukaumwa na inzi una majani ya chini masafi na ya juu yenye mabaka. Ukisimama mbele ya mti, jani la chini linakwambia ugonjwa umetoka wapi. Ukiona wengi wameugua tangu chini, kosa ni lako, ulichagua vibaya mwaka jana. Ukiona wameugua juu tu, tazama jirani na tazama maotea. Kwa mwaka mzima sipati habari iliyo wazi kama hiyo.

Mgonjwa yeyote wa mwezi wa kwanza naung'oa, mzima mzima, na kipande kilichopandwa. Naubwaga juani nje ya kitalu mizizi ikiwa juu mpaka ukauke kabisa. Kijana aliniuliza, "Hata kama una jani moja tu, shangazi?" Hata kama. Pengo moja kitaluni unapoteza pingili kumi. Mgonjwa mmoja ukimwacha hujui utapoteza ngapi.

Ya pili ni mwezi wa tatu baada ya kuchipua, kwa namna hiyo hiyo. Ya tatu ni mwezi wa tano au wa sita, yaani kwa mti uliopandwa Machi na masika ni Agosti hivi, kabla kiangazi hakijapukutisha majani. Safari hii natazama chini. Nainama, nashika majani yaliyokomaa moja moja, natafuta ule umanjano unaokimbia na vimishipa. Usingoje zaidi ya hapo. Kiangazi kikishika majani ya chini yanaanguka, na michirizi inaanguka nayo: mti unabaki na kichwa kizuri, mgonjwa na mzima wamefanana. Kwa hiyo mti uliopita mitihani yote mitatu naufunga kitambaa shinani siku hiyo hiyo. Natumia vipande vya kanga iliyochakaa, rangi nyekundu, kwa sababu inaonekana hata magugu yakipanda.

Kuna programu ya simu inayoitwa Nuru, inasema Kiswahili na inafanya kazi bila bando. Unaielekeza kwenye jani inakwambia inachokiona. Binti yangu anaitumia na nimeona inatambua batobato vizuri. Itumie kujifunzia. Lakini simu inatazama jani unalolielekezea, na michirizi iko kwenye jani ambalo lazima uiname kulitafuta.

Siku ya kung'oa

Muhogo wa mbegu naukata ukiwa na miezi kumi hadi kumi na miwili. Chini ya minane shina ni teke, maji matupu. Ukipita mwaka mmoja na nusu limekuwa kuni.

Sikati shina mzizi ukiwa bado ardhini. Najua wengine wanakata miti wakaacha mizizi ichipue tena wapate mbegu mara mbili, na kwa biashara inalipa. Mimi nimekataa, kwa sababu mzizi ndio shahidi wa mwisho. Naung'oa mti wenye kitambaa, na kabla sijagusa shina nakata mizizi yake yote vipande vipande, kila baada ya vidole vinne. Ndani ukiwa mweupe mwote, shina linakwenda upande wa kulia. Nikiona baka moja la kahawia, hata dogo kama punje ya mtama, shina linakwenda motoni na mizizi mingine safi inaliwa siku hiyo. Kazi hii inachosha mikono na inaharibu sura ya mihogo ya kuuza. Ndiyo maana naifanyia kitalu peke yake, na mizizi niliyokata tunatengeneza makopa ya bada.

Mwenye Kiroba asikilize hapa. Kiroba ni mvumilivu. Kinaweza kubeba michirizi na bado kikakupa mizizi ya kula, yenye baka dogo pembeni ambalo mpishi analikwangua bila kusema. Watu wanasifu uvumilivu huo na wana haki. Lakini mvumilivu akibeba ugonjwa anaupeleka mbali, maana hakuna anayemng'oa. Jirani yako aliyepanda aina laini ndiye atakayelipa.

Hayo nimeyajua kwa hasara. Mwaka 2013 niliongeza kitaluni mafungu matano ya miti niliyopewa bure, imeshushwa kwenye lori kijijini, mizuri, minene, haina jani hata moja. Shina lisilo na majani halisemi kitu na mimi sikuuliza. Sikuona mizizi yake, sikuona shamba lake. Mwaka uliofuata nilipong'oa na kukata, kati ya mihogo zaidi ya mia nne nilibakiwa na 23 ambayo mizizi yake ilikuwa mieupe mpaka ncha. Nililia. Mume wangu, Mungu amrehemu, akaniambia nitafute mbegu nyingine kwa watu. Nikasema hizi 23 zinatosha, na zilitosha. Mti mmoja mzuri unatoa pingili kumi hivi. Nilipanda 220, nikang'oa migonjwa ishirini na kitu. Mwaka wa pili nilikuwa na pingili karibu 2,000. Msimu wa tatu nilijaza shamba langu na kumpa dada yangu. Muhogo unazaana polepole kuliko mahindi, lakini kwa miaka mitatu kutoka kwenye kiganja unarudi kwenye ekari.

Kukata, kulaza, kupanda

Shina lina sehemu tatu. Kilele kibichi kitupe, kina macho mengi na akiba ndogo. Kitako kilichokauka kinaota taratibu. Chukua katikati. Kipimo changu ni kuangalia ule moyo mweupe laini wa ndani ya shina pale ulipokata: ukizidi nusu ya upana wa shina, hapo bado ni pachanga, panda juu kidogo umepotea, shuka chini. Na utomvu utoke mara unapokata. Shina likikaa kimya, halitoi hata tone, limekauka ndani.

Urefu ni sentimita 20 hadi 30, macho matano mpaka saba. Panga liwe kali na ukate huku shina umelishika mkononi, sio juu ya gogo, kwa sababu ukilipiga juu ya gogo linapasuka na pingili iliyopasuka inaoza. Kata moja kwa moja, usikate kwa mshazari mrefu. Pingili iliyokatwa sawa inatoa mizizi pande zote. Ya mshazari mizizi yake inarundikana upande wa ncha. Panga nalioshea maji ya sabuni nikihama kutoka fungu moja kwenda jingine, kwa ajili ya ule mnyauko wa bakteria.

Ukiwa na wasiwasi wa utitiri, vidung'ata au vidugamba, changanya maji yanayochemka na maji baridi kwa kipimo sawa, tumbukiza pingili dakika tano mpaka kumi, zitoe. Wadudu wanakufa, macho hayafi. Virusi hilo haliwagusi kabisa, na yeyote anayekuuzia dawa ya kuchovya eti inaponya batobato, mwache apite. Mti mmoja mmoja huwa unajiponya, kirusi kinashindwa kufika kila chipukizi, na hilo nimeliona. Lakini wa kuusafisha mti kwa makusudi ni maabara tu, kama ile ya utafiti wa kilimo ya Mikocheni, Dar es Salaam, wanaokuza mche kutoka kwenye kipande kidogo sana cha ncha ya chipukizi ndani ya chupa.

Mvua zikichelewa usikate pingili. Acha mashina marefu, yafunge mafungu, yasimamishe chini ya mwembe vitako vikiwa vimefukiwa kwenye udongo unyevu, macho yakitazama juu, na umwagilie mara moja kwa wiki. Yatakaa miezi miwili bila tabu. Yatachipua juu kidogo. Utakapokata utaondoa hiyo sehemu. Fungu lililoachwa juani siku tatu nyuma ya nyumba, hilo lihesabu kuni.

Kwenye udongo wetu wa kichanga nachomeka pingili kwa kuilaza mshazari, theluthi mbili chini, theluthi moja juu. Macho yatazame juu. Ukishika pingili, kile kikovu cha jani kiko chini na jicho liko juu yake; ukiigeuza itaota kwa kuhangaika na utapoteza wiki mbili tatu. Mwezi wa kwanza palilia mapema, kisha endelea mpaka majani yafunike ardhi. Hayo mengine ya kilimo unayajua.

Usafi wa peke yako

Unaweza kufanya yote haya na bado kila mwaka ukang'oa wagonjwa kitaluni, kwa sababu inzi haulizi mpaka. Ndiyo maana mbegu yangu nagawa. Jirani yangu wa mashariki alikuwa na shamba la njano tupu. Nilimpa pingili 300 kwa sharti moja, ang'oe za zamani zote kwanza, asichanganye. Alikubali kwa shida. Tangu mwaka ule wagonjwa wa mwezi wa tatu kitaluni kwangu wamepungua mpaka nawahesabu kwa vidole. Huko Mkuranga na Chato vijiji vilikubaliana na watafiti kung'oa mihogo ya zamani kwa pamoja na kupanda mbegu safi, na mihogo yao ilikaa mizima kuliko ya waliopanda mbegu safi katikati ya mashamba gonjwa. Kijiji kikikubaliana, kazi yangu ya mwaka mzima inakuwa nyepesi.

Kama huna pa kuanzia, usinunue miti ya kando ya barabara. Tafuta mzalishaji aliyekaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, mwenye hati, au uliza kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kibaha wakuelekeze wa karibu na kwako. Aina kama Chereko, Kipusa na Mkuranga 1 zote zinapatikana kwa njia hiyo. Anza na chache. Pingili 50 ulizoona shamba lake zikiwa na majani ni bora kuliko lori zima la miti mitupu. Na zikifika usizipande kwenye kitalu chako cha zamani. Zipe mahali pake, mwaka mmoja, mpaka ukate mizizi yake kwa mkono wako. Balaa lile la 2013 lingekuwa limeishia hapo.

Kijana wa Handeni aliondoka na pingili 60. Nilizikata mbele yake, nikamwambia akate mizizi ya ile mihogo sita yeye mwenyewe. Alizifunga kwenye gunia bichi nyuma ya pikipiki. Alikuwa amekubali kung'oa za zamani zote kwanza, na mkewe alinipigia kunihakikishia kwamba ameng'oa.

Mwezi wa tano akanitumia picha. Zimeota 57. Kwenye picha ya mwisho kulikuwa na mti mmoja ambao jani lake la chini kabisa lina baka la manjano upande mmoja, limepinda. Huo umetoka kwangu, haukuletwa na inzi wa Handeni. Mahali fulani mwaka jana jicho langu liliupita. Nikampigia kabla hata sijamaliza chai. Akaniambia ameshaung'oa, amenitumia picha ili nijue niangalie na kwangu ule mstari niliokata siku ile. Kesho yake alfajiri nilikuwa kitaluni, mstari wa nne.